Kona Nne za Ukumbi: Nani Hasa Anampitisha Mgombea?

(Mazungumzo yaliyotolewa Uyole, Mbeya, jioni moja ya Juni, mbele ya wakulima, walimu, wanafunzi wa vyuo na wafanyabiashara. Yamenakiliwa kutoka kwenye rekodi ya simu, na pale nilipojirudia nimepunguza.)

Ndugu mwenyekiti wa kikao, wazee wangu mliokaa mbele, mama zangu, na ninyi vijana ambao baadhi yenu niliwafundisha uraia mkiwa bado na kaptula: Mugonile! Na mliopanda basi asubuhi kutoka Iringa, Kamwene! Naona humu makoti ya kila aina, na yupo mzee pale amejifunga blanketi kabisa. Hamkukosea. Baridi ya Juni hapa Uyole haina mjadala. Naomba hilo la baridi mlishike, nitalirudia.

Nimeombwa niseme namna wapiga kura wanavyoupokea mchujo wa mgombea urais ndani ya chama. Barua ya mwaliko iliandika "mchakato wa uteuzi", nikajua mara moja imeandikwa na mtu wa ofisini. Mtaani hatusemi hivyo. Niruhusuni nianze na sarufi, maana mwalimu anastaafu mshahara tu, kazi haiachi.

Jina likiondolewa, mtu wa Mwanjelwa anasemaje? "Wamemkata." Likipita? "Wamempitisha." Awe amefurahi au amenuna, awe wa chama hiki au kile, kiambishi ni kilekile: wa-. Sijawahi kumsikia muuza viazi wa hapa barabarani akisema "tumempitisha". Anaweza kuwa na kadi aliyorithi heshima yake tangu enzi ya TANU, ada amelipa miaka yote, mikutano yote amekaa juani, lakini siku ya uteuzi atasema "wamempitisha". Ukimuuliza hao "wa-" ni akina nani, anaelekeza kidevu Dodoma. (Kicheko.)

Basi yote nitakayosema leo yamo ndani ya kiambishi hicho. Nataka kwanza niwapeleke mahali ambapo mkulima wa mahindi husema "tumempitisha", tuone furaha yake ni ya kiasi gani. Kisha turudi nyumbani.

Mahali penyewe ni jimbo la Iowa, katikati ya Marekani. Hapana maghorofa ya kutajika pale. Iowa ni mahindi. Hakuna jimbo la Marekani linalovuna mahindi mengi kuliko hilo. Watu wake ni milioni 3 na kidogo, nguruwe wanapita milioni 20. Mtu wa Mbozi au wa Ismani akishushwa pale usiku bila kuambiwa, asubuhi atashangaa ukubwa wa matrekta, ila shamba atalitambua.

Huko ndiko mbio za kumpata mgombea urais zimekuwa zikianzia tangu miaka ya 1970. Walifikaje hapo? Kwa ghasia. Mwaka 1968 chama cha Democratic kilikutana Chicago, vita vya Vietnam vimepamba moto, kikamteua Hubert Humphrey, mtu ambaye hakushindana kwenye kura ya mchujo ya jimbo hata moja. Wakubwa walikaa, wakamaliza. Nje ya ukumbi vijana wanapigwa virungu na polisi, dunia nzima inaangalia kwenye televisheni. Ile ilikuwa "wamempitisha" kubwa kuliko zote. Novemba Humphrey akashindwa na Richard Nixon. Chama kikaunda tume, kanuni zikabadilishwa ili wanachama wa kawaida waingie kwenye uteuzi. Iowa wana ngazi nne za mikutano, kuanzia mtaani hadi jimbo zima, kwa hiyo iliwabidi waanze mapema kuliko wengine. Wakajikuta wa kwanza. Wakapapenda.

Mkutano wao wanauita kokasi. Ningeweza kuueleza kwa maneno, lakini nimefundisha miaka 31 na najua saa kumi na mbili jioni watu wanasinzia. Simameni wote. Kona ya mlangoni, wanaosema chakula cha nyanda zetu hizi ni ugali. Kona ya dirishani, wali wa Kyela. Kushoto kwangu hapa, ndizi za Tukuyu. Kona ya nyuma, viazi vya hapahapa Uyole. Kila mtu aende anakoamini.

(Ukumbi ulisimama. Viti viliangushwa viwili. Katibu wa kikao alihesabu watu 80: ugali 31, wali 27, ndizi 13, viazi 9.)

Vizuri. Sasa sikilizeni kanuni ya Democratic wa Iowa, ile waliyoitumia hadi 2020. Kundi lisilofika asilimia 15 ya waliomo ukumbini kwa kawaida haliendelei. Asilimia 15 ya watu 80 ni 12. Viazi mko 9. Poleni. Mna njia tatu: mhamie kundi jingine, mvute wa kundi jingine waje kwenu, au mkae chini. Na ninyi wengine mna dakika chache za kuwabembeleza. Haya, wabembelezeni.

(Zogo la dakika tano. Mama mmoja wa kundi la wali aliahidi sahani. Wawili wa viazi walikwenda ugali, sita wakaenda wali, mmoja ndizi. Katibu alihesabu tena: ugali 33, wali 32, ndizi 14.)

Ugali umeshinda kwa mtu mmoja. Naona dirishani watu wamekunja uso. Kaeni kwanza, kesi yenu nitaisikiliza.

Niambieni ukweli, mmeona nini? Mimi kutoka hapa mbele nimeona mengi. Nimemwona kijana mmoja, simtaji, ameanza safari ya kwenda kwenye ndizi, akageuka akamwona baba mkwe wake amesimama kwenye ugali, akapinda kona kama daladala iliyoona trafiki. (Kicheko, makofi.) Huyo hajabadili imani yake. Amebadili mguu. Na huo ndio mgogoro wa kwanza wa wapiga kura wa Iowa na kokasi yao: unapiga kura mbele ya mwajiri wako, mbele ya mchungaji wako, mbele ya mume wako. Wapo wanaopenda hivyo, wanasema mtu asiyeweza kusimama na mgombea wake mbele ya jirani hajaamua. Wapo wanaobaki nyumbani kwa sababu hiyohiyo. Republican wa jimbo lilelile waliliona hilo wakachukua njia nyingine: mnakutana, mnasikiliza wasemaji, kisha kila mmoja anaandika jina kwenye karatasi kwa siri.

Majirani zetu wa Kenya walilionja hili kwa uchungu. Mwaka 1988 KANU ilipanga wagombea ubunge wake kwa mlolongo. Wanachama walijipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake, watu wakahesabiwa juani, na aliyefikisha asilimia 70 alihesabiwa amepita moja kwa moja. Ukisikia mzee wa Kenya anataja mlolongo, sikiliza sauti inavyobadilika. Watu waliona kwa macho foleni ndefu ikitangazwa kuwa imeshindwa na foleni fupi. Ukikata rufaa, unakata kwa ushahidi gani? Foleni imeshatawanyika, kila mtu yuko kwake anapika. Karatasi ina ubaya wake, lakini karatasi haiendi nyumbani kupika.

Turudi Iowa. Lalamiko la pili ni saa na hali ya hewa. Kokasi ni jioni, saa moja usiku kwa saa zetu, katikati ya kipupwe chao. Tarehe 15 Januari 2024, Republican walipokutana, vipimajoto vilikuwa zaidi ya nyuzi 15 chini ya sifuri. Nimewaambia mshike la baridi: ninyi mnalalamikia nyuzi 8 za juu ya sifuri. Sasa mfikirie muuguzi wa zamu ya usiku, mama mwenye mtoto mchanga, mzee wa magongo kwenye barafu. Ukiwa na karatasi ya kawaida unapiga kura dakika kumi unaondoka. Kokasi inakula jioni nzima. Usiku ule walijitokeza kama watu 110,000. Kokasi ya Democratic ya 2020, ambayo kila mtu aliisema kuwa ya moto, watu kama 176,000. Linganisheni na milioni 3. Kwa hiyo hata kule kuna anayesema "wamempitisha": yule aliyekuwa zamu.

Na usiku huohuo wa 2024 likatokea jambo lililowaudhi watu waliotoka nje kwenye barafu ile. Nusu saa tu baada ya mikutano kuanza, vyombo vya habari vikatangaza kwamba Donald Trump ameshinda. Sehemu nyingine watu walikuwa bado wanasikiliza hotuba, karatasi hazijagawiwa, simu zinalia mifukoni: imekwisha. Tangazo lilikuwa sahihi, Trump alipata zaidi ya nusu ya kura, hapakuwa na ubishi. Bado jiwekeni pale. Umevaa soksi mbili mbili, umesukuma gari kwenye theluji, umefika, unaambiwa matokeo yako kabla hujayatoa.

Sasa nije kwenye lile ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoiua heshima ya Iowa. Wala si baridi. Ni hesabu.

Mwaka 2012, kwa Republican, usiku wa kokasi ilitangazwa Mitt Romney ameongoza kwa kura 8. Kura nane, kati ya zaidi ya laki moja na ishirini elfu. Akaondoka zake kwenda New Hampshire akiwa mshindi, magazeti yameandika, michango inaingia. Wiki mbili na kitu baadaye, hesabu ya mwisho ikaonyesha aliyeongoza ni Rick Santorum, kwa kura 34, na matokeo ya vituo 8 hayakupatikana kabisa. Santorum aliupata ushindi wake wakati sherehe imeshafagiliwa.

Mwaka 2016, kwa Democratic, Hillary Clinton na Bernie Sanders walifungana hivi kwamba kwenye baadhi ya vituo mjumbe wa mwisho, yaani wa kukiwakilisha kituo kwenye mkutano wa ngazi inayofuata, aliamuliwa kwa kurusha sarafu. Kanuni ilikuwepo, haikuvunjwa. Lakini jaribu kumweleza binti wa miaka 19 aliyesimama saa tatu kwamba sauti yake imemalizwa na sarafu ya senti 25.

Halafu Februari 3, 2020. Chama kiliandaa programu mpya ya simu ya kutuma matokeo. Usiku ule programu ikagoma. Wenyeviti wa vituo, wengi wazee wa kujitolea, wakapiga simu makao makuu, laini zimejaa, mtu anasubiri saa nzima na karatasi mkononi. Usiku ukaisha hakuna matokeo. Sehemu ya matokeo ikatoka kesho yake jioni. Mwishowe Pete Buttigieg akaongoza kidogo sana kwa hesabu ya wajumbe, huku Sanders akiwa na watu wengi zaidi, takriban 6,000 zaidi katika mgawanyiko wa kwanza. Kila mmoja akajitangaza. Shirika la habari la AP likakataa kumtaja mshindi. Mwenyekiti wa chama wa jimbo akajiuzulu kabla mwezi haujafika nusu.

Kilichowaokoa kisiwe mlolongo wa 1988 ni kwamba mwaka 2020, kwa mara ya kwanza, kila mtu kwenye kona yake alijaza kadi ya karatasi na kuitia sahihi. Programu ilikufa, kadi zilibaki. Lakini wapiga kura walishachoka. Ilipofika 2024, Democratic waliipa South Carolina nafasi ya kwanza, na wale wa Iowa wakapiga kura zao za mchujo kwa posta, matokeo yakatolewa Machi. Desturi ya karibu miaka hamsini, ikaenda.

Niseme pia la upande wa pili, nisije nikaonekana nimekuja kuwasimanga watu wa mbali ambao hawawezi kunijibu. Januari 2008 Barack Obama alishinda Iowa kwa asilimia 38. Jimbo ambalo watu tisa kati ya kumi ni weupe. Weusi wengi wa South Carolina walikuwa wanampenda ila wanajiambia "weupe hawatampa". Walipoona wakulima wa mahindi wamesimama kwenye kona yake mbele ya majirani zao, hesabu vichwani mwao ikabadilika. Kura ya siri ingewapa matokeo yaleyale. Lakini sina hakika ingewapa picha ile.

Na lipo jambo ambalo kwalo nawaonea wivu waziwazi. Kwa kuwa walikuwa wa kwanza, anayetaka urais wa Marekani alilazimika kwenda kwao. Anakaa miezi. Anakula kwenye maonyesho yao ya kilimo, ambayo ni kama Nane Nane yetu, anaingia kwenye banda la nguruwe, anakaa sebuleni kwa mtu na watu kumi na watano, anaulizwa bei ya mahindi. Mahindi mengi ya Iowa hutengenezwa ethanoli, mafuta ya kuchanganya na petroli, na serikali yao ina sheria inayolazimisha mchanganyiko huo. Ndiyo maana wagombea wakifika pale hugundua ghafla kwamba wanaipenda ethanoli tangu utotoni. (Kicheko.) John McCain aliyepinga ruzuku yake aliamua mwaka 2000 asihangaike na Iowa kabisa. Lakini msidhani wakulima wale wananunulika kirahisi hivyo. Mwaka 2016 Ted Cruz alikwenda na msimamo wa kuipinga sheria hiyo, gavana wa jimbo akawaomba watu hadharani wamnyime, wakampa ushindi.

Nawauliza ninyi. Mwaka 2017 serikali ilipozuia mahindi ghafi kuuzwa nje, mkulima wa Mbozi aliyekuwa na magunia stoo, akiitazama Tunduma kwa karibu vile, alimwambia nani? Kampeni zilikwisha 2015. Na hata kwenye kampeni, mgombea alifika uwanjani kwa saa moja, akapungia mkono, akaenda Vwawa. Aliyekuwa na muda wa kumkalisha na kumhoji ni yule aliyempitisha. Na aliyempitisha si mkulima.

Sasa tuko nyumbani.

Msidhani hatuna kokasi yetu. Tunayo, na wengine hapa mnaikumbuka bila kujua jina lake. Julai 1995, Dodoma, Mkutano Mkuu wa CCM, mbele ya Mwalimu Nyerere mwenyewe. Majina matatu: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa, Cleopa Msuya. Mzunguko wa kwanza Kikwete 534, Mkapa 459, Msuya 336. Hakuna aliyevuka nusu. Msuya akatoka, kama viazi vyetu pale nyuma, ingawa yeye alikuwa na robo ya ukumbi. Mzunguko wa pili Mkapa 686, Kikwete 639. Fanyeni hesabu: Mkapa ameongeza 227, Kikwete 105. Aliyekuwa wa kwanza akawa wa pili. Miaka mingi nimewafundisha wanafunzi kura ya mzunguko wa pili kwa mfano huo, na kila mara anatokea mmoja anauliza, "Mwalimu, kwa hiyo waliomchagua rais wetu ni watu mia sita na themanini na sita?" Namwambia hapana, Oktoba walipiga kura mamilioni. Anakaa. Baada ya muda ananyoosha mkono tena: "Lakini walichagua kati ya waliopitishwa." Huyo nampa alama zote.

Mwaka 2005, Mkutano Mkuu wa CCM kwenye ukumbi wa Chimwaga, Dodoma, ilikuwa zamu ya watu wa huku kukaa karibu na redio. Profesa Mark Mwandosya, mbunge wa Rungwe Mashariki, aliingia tatu bora. Kikwete alipata 1,072, Salim Ahmed Salim 476, Mwandosya 122. Nilikuwa Tukuyu siku ile. Kimya kilichofuata nakikumbuka, halafu bibi mmoja akasema, "Angalau tumehesabiwa." Mimi nilidhani anajifariji. Siku hizi nadhani alikuwa ametuzidi akili wote pale barazani. Mtu wetu alishindwa vibaya na hakuna aliyefanya fujo, kwa sababu namba ilikuwepo, 122, unaweza kuishika.

Linganisheni na 2015. Waliochukua fomu CCM walikuwa 42. Kila mmoja alitakiwa kukusanya wadhamini 450 katika mikoa 15. Hapo ndipo pekee mwanachama wa kawaida alipoguswa na mchujo ule: unaandika jina na namba ya kadi kwenye fomu ya mtu wako, unasaini. Kinyozi wangu alimdhamini Edward Lowassa, na hakuwa peke yake, watu walifurika. Julai, Kamati Kuu ikatoa majina matano: Bernard Membe, John Magufuli, January Makamba, Asha-Rose Migiro, Amina Salum Ali. Lowassa hayumo. Profesa wetu naye, aliyejaribu tena, hayumo. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu wakatoka hadharani wakajitenga na uamuzi. Ukumbini wajumbe wakaimba kwamba wana imani na Lowassa. Halmashauri Kuu ikabakisha watatu, na Mkutano Mkuu ulipopiga kura, Magufuli alipata 2,104, Amina 253, Migiro 59, na hesabu hiyo hakuna aliyeibishia. Ubishi ulikuwa kwenye safari ya kutoka 42 hadi 5, ambako hakuna namba.

Nilipokwenda kunyolewa wiki ile, kinyozi alisimamisha mashine katikati ya kichwa changu akauliza, "Mwalimu, ule udhamini wangu umekwenda wapi?" Nilikaa na nusu kichwa, sina jibu.

Na wenzetu wa upinzani wasicheke. Lowassa akahamia CHADEMA mwishoni mwa mwezi huohuo, na ndani ya siku chache akawa mgombea. Watu waliohubiriwa kwa miaka mingi kwamba yule ndiye tatizo, wakaamka wakaambiwa ndiye suluhisho. Katibu Mkuu wao, Dk. Willibrod Slaa, akajiondoa. Hapa Mbeya, ambako jimbo la mjini lilikuwa mikononi mwa chama hicho tangu 2010, nilisikia vijana wakishangilia na vijana wengine wakisema "wamempokea". Wame-, tena. Chama tofauti, kiambishi kilekile. Oktoba Magufuli akapata asilimia 58.46, Lowassa 39.97.

Januari 2025, Mkutano Mkuu Maalumu wa CCM ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan kwa azimio, akiwa jina moja. Wapo waliosema ndiyo desturi ya chama kwa rais aliyepo, wapo wachache ndani ya chama waliohoji utaratibu. Hapo hapakuwa na kona za kusimama, kwa hiyo kwa somo la leo napita.

Mtaniuliza, kwani lazima chama? Asiyependa mchujo si asimame mwenyewe? Hawezi. Katiba yetu inamtaka mgombea adhaminiwe na chama. Mtu aliyekwenda mbali kuliko wote kulipinga hilo alikuwa wa nyanda hizihizi, marehemu Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa. Alikwenda mahakama zetu, akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, na mwaka 2013 mahakama hiyo ikasema anayo haki. Ibara za Katiba zimebaki vilevile. Ndiyo maana nasema mlango wa chama ni mlango wa nchi, na anayeshika kitasa si mtu mdogo.

Kwa ngazi ya ubunge tumewahi kuona kitasa kikishikwa mchana kweupe. Julai 2020, kura za maoni za CCM zilihesabiwa hadharani, karatasi moja moja inasomwa kwa sauti. Watia nia waliojaza maji matangi ya watu na mafuta pikipiki za watu wakasikia jina lao mara mbili, mara moja, wengine hawakulisikia kabisa. Ndipo nchi nzima ikaanza kusema "wajumbe sio watu". (Kicheko kirefu.) Mnacheka, na mwaka ule tulicheka zaidi. Jirani yangu alilisha wajumbe sitini kwenye kata, pilau la nyama, akapata kura nne. Alipouguza aibu yake akaniambia kitu cha ajabu: hakumshuku mtu wa kuhesabu. Aliwachukia wajumbe, akalia kwa ajili ya mbuzi wake, lakini ile nne aliikubali. Aliiona ikihesabiwa. Yaliyowachanganya watu mwaka ule yalikuja baadaye, pale vikao vya juu katika baadhi ya majimbo viliporudisha jina ambalo halikuongoza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Na dirishani nako mama mmoja amesimama muda mrefu ananipungia. Karibu, mama, sema.

(Mama alisema kwamba wakati wa hesabu ya pili alikuwa nje anapokea simu ya mtoto, na kwamba yeye ni wa wali. Katibu alikagua: hesabu ya kwanza watu 80, ya pili 79.)

Haya. Kwa hiyo ugali 33, wali 33. Kwa kanuni za Iowa hapa ningetafuta sarafu. Nani ana mia mbili? Naona mfukoni mnayo, lakini hamtoi. Wa dirishani wanasema nini? "Hatutaki sarafu, tuhesabu upya." Na wa mlangoni mnasemaje, mlioshinda? Mmekubali? Basi katibu, chukua karatasi safi. Safari hii kila mtu ataje jina lake mwenyewe, na mama wa simu aanze.